Mama wa Adumi ajifunza kudarizi shuka anazouza Ariwara

Na Mwandishi Wetu, Adumi

KWA miaka kadhaa amevusha shuka zilizodariziwa kutoka Arua hadi soko la Ariwara, upande wa Kongo, bila kujua kushona hata kifungo. Sasa mama huyu wa Adumi ameketi mbele ya cherehani ya miguu, kipande cha shuka chakavu kikiwa kimebanwa kwenye duara la mbao, akijaribu kuchora ua moja kwa sindano. Ameomba jina lake lisiandikwe gazetini mpaka ua hilo lifanane na ua.

Sababu ya kujifunza ni hesabu ya kawaida ya sokoni: anayenunua shuka ikiwa tayari humwachia fundi sehemu kubwa ya faida. Wateja wapo. Milaya, shuka zenye maua na ndege ambazo wanawake wa Sudan Kusini hudarizi kwa mkono, zinajulikana kote West Nile, hasa baada ya wakimbizi wengi kuingia mwaka 2016. Kazi ya mkono huchukua siku nyingi. Cherehani huifupisha, lakini si kwa anayeanza.

Katika ushonaji wa kawaida, meno madogo chini ya sindano ndiyo yanayovuta kitambaa. Katika kudarizi, meno hayo hushushwa. Kwenye cherehani za zamani zisizoyashusha, hufunikwa kwa kibati na urefu wa mshono huwekwa sifuri. Kile chuma kinachokandamiza kitambaa nacho hutolewa. Kuanzia hapo, mikono ya fundi ndiyo inayopeleka kitambaa mbele, nyuma na pembeni.

Shida yake ya kwanza ilikuwa uzi kujisokota chini ya kitambaa kama kiota. Kwa kuwa chuma kilishatolewa, aliona hakuna haja ya kushusha mkono wake ulio nyuma ya cherehani. Kumbe mkono huo ndio unaoubana uzi wa juu. Ukiachwa juu, uzi hulegea na kiota hurudi.

Shida ya pili ni mwendo. Mikono ikikimbia na miguu ikachelewa, mishono hurefuka. Miguu ikikimbia na mikono ikasita, mishono hurundikana na uzi hukatika. Kitambaa kikivutwa kwa ghafla, sindano hupinda au huvunjika, na bila kile chuma vidole viko karibu nayo mno. Fundi anayemfundisha humtaka ashike ukingo wa duara, asiweke vidole katikati.

Zoezi lililomsaidia zaidi ni kuandika jina lake kwa uzi. Mkono unalijua jina tangu shule, hivyo akili inabaki na miguu. Baada ya jina huja namba nane, kisha majani, kisha ua. Kila anapoanza, huutoa uzi wa chini juu ya kitambaa, hushika nyuzi zote mbili, na kupiga mishono mitatu mahali pamoja ili zisifumuke.

Wiki iliyopita mteja wa Koboko alimletea shuka mbili mpya za harusi. Alizitamani, kwani fedha ingelipia nyuzi za mwezi mzima. Lakini shuka iliyotobolewa vibaya hairudi kuwa mpya, na mpakani habari ya fundi mbaya hufika sokoni kabla yake. Alimpeleka mteja kwa mwalimu wake, akabaki na kazi ya kukata nyuzi.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo ikafuata rasmi Julai 2022. Shuka ya Adumi ina majirani wawili wa kuuziwa ndani ya Jumuiya moja, kupitia Ariwara au kupitia Oraba kuelekea Kaya. Wanunuzi wa huko nao wana macho.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua, asitazame ua tu. Aigeuze shuka. Vitanzi vya uzi wa juu vikining'inia nyuma, uzi huo ulilegea. Uzi wa chini ukichungulia mbele, wa juu ulikazwa mno. Na kitambaa kikijikunja kuzunguka ua, hakikubanwa vizuri kwenye duara.

Mama wa Adumi sasa huzigeuza zote kabla ya kulipa. Mwezi huu amekataa tatu, na moja kati ya hizo aliidarizi mwenyewe.