Tuipime Pishi ya Umeme Kabla ya Kulipa

Mkulima wa karafuu kisiwani Pemba hauzi jasho lake kwa kukadiria kwa macho. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na karafuu zilizokauka zikifika kituoni hupandishwa mizani, hutazamwa ukavu na daraja lake, ndipo fedha hutolewa. Huku Tanga nako, mwenye duka na mwenye pampu ya mafuta hawaruhusiwi kuuza kwa kipimo ambacho Wakala wa Vipimo haujakihakiki. Sisi tuliokaa kwanza juu ya mkeka wa chuo, kisha juu ya dawati la shule, tulifunzwa mapema kwamba kupunja kipimo ni dhulma, hata kama upungufu wenyewe ni wa kibaba kimoja.

Inasikitisha, basi, kuona kwamba imeingia katika mwambao wetu bidhaa ya thamani kubwa ambayo watu huinunua bila ya kipimo chochote. Bidhaa hiyo ni gari la umeme lililokwisha kutumika ng'ambo.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alitoa sehemu kubwa ya mafao yake akanunua gari la namna hiyo. Rangi yake iling'aa, viti vyake vilikuwa safi, na karatasi zake zote zilikuwa sahihi. Muuzaji alimwambia kuwa likijaa litakwenda kilomita 200. Siku ya kwanza mwalimu alikwenda Pangani kumwamkia dada yake, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Tanga mjini. Alifika salama. Wakati wa kurudi, kabla hajafika nusu ya njia, gari lilimzimikia, na usiku ule lilirudi mjini juu ya lori. Mwalimu yule aliuziwa mbuzi kwenye gunia, naye hakujua kwamba gunia lile lingeweza kufunguliwa.

Kosa hili lina chanzo chake. Tumezoea kulikagua gari la mafuta: twasikiliza injini, twatazama moshi, twasoma kilomita lilizokwenda. Tangi la lita 40 hubaki la lita 40 hata gari likizeeka. Betri sivyo. Betri ni tangi linalosinyaa mwaka hata mwaka, na kusinyaa kwake hakuonekani kwa nje. Hata ukiambiwa kwamba imejaa, swali linabaki palepale: imejaa kiasi gani?

Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Desemba 2010, na ambalo limetapakaa katika soko la magari yaliyotumika kutoka Japani. Gari hili si geni Afrika Mashariki. Teksi za NopeaRide, zilizofanya kazi Nairobi tangu mwaka 2018 hadi 2022, zilikuwa za aina hii. Toleo lake la kwanza lilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Asiogope mtu neno hilo: kilowati-saa moja ni yuniti ileile tunayoinunua kwa LUKU huku Bara, na kwa TUKUZA huko Visiwani. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, gari hilo likiwa jipya lilikwenda kilomita 117 kwa kujazwa mara moja. Kilomita 200 alizotajiwa mwalimu zilitokana na kipimo cha Japani, ambacho majaribio yake ni mepesi mno. Sasa tufanye hesabu. Betri ikibakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake, kilomita 117 huwa 70. Kwenda Pangani na kurudi ni kilomita 100. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeifanya, lau mtu angempa ile asilimia.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi, na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza. Mwaka 2012, wenye magari hayo katika jimbo la Arizona huko Marekani, nchi ya jangwa, walilalamika kwamba betri zao zilikuwa zimepungua kabla ya wakati. Baadaye kampuni ilitoa dhamana ya uwezo wa betri, na pia ikatengeneza betri iliyostahimili joto zaidi. Nasi wa pwani twalijua jua la kaskazi. Betri iliyofika hapa ikiwa imechoka haitapumzika.

Mnunuzi afanye nini? Zipo njia nne, na hakuna hata moja inayohitaji shahada ya uhandisi.

Kwanza, atazame ukingo wa kulia wa dashibodi. Kuna safu mbili za vipande. Vile vipana huonyesha chaji iliyomo kwa wakati huo. Vile vidogo vya pembeni, ambavyo ni 12 gari likiwa jipya, huonyesha uwezo wa betri wenyewe. Kikipotea cha kwanza, betri imekwisha kupoteza kiasi cha asilimia 15, na kila kinachofuata ni asilimia 6 hivi. Lakini asiridhike na hivyo peke yake. Wako walanguzi wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari ili vipande vyote 12 viwake, navyo huanza kuzimika tena baada ya siku kadhaa za kuliendesha.

Pili, atumie kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, nacho hupeleka habari kwenye simu ya mkononi. Kwa gari hili programu ijulikanayo zaidi ni LeafSpy. Huonyesha afya ya betri kwa asilimia, na hali ya kila jozi ya seli, ambazo ni 96. Jozi moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, huwaangusha wote, mithili ya jahazi lenye ubao mmoja uliooza.

Tatu, atumie mita yake mwenyewe ya umeme. Aliendeshe gari hadi chaji ikaribie kwisha, asome yuniti zilizobaki, azime vyombo vingine vya nyumbani, alichaji usiku kucha hadi lijae, kisha asome tena. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani wakati wa kuchaji, betri mpya ya toleo tulilolitaja itakula karibu yuniti 24. Ikijaa kwa yuniti 14 tu, mita imekwisha kutoa ushahidi wake.

Nne, aliendeshe kilomita 30 huku akisoma asilimia ya chaji kwenye simu. Ikishuka kutoka 100 hadi 50, ajue kwamba safari yote ya gari lile ni kilomita 60. Asitegemee kilomita zilizobaki zinazoandikwa kwenye dashibodi. Hayo ni makadirio yanayofuata mwendo wa dereva aliyetangulia.

Na baada ya yote, asilimia iliyopatikana iandikwe katika hati ya mauziano. Tunatahadharisha pia kwamba betri hizi zina zaidi ya volti 300. Fundi asiyefunzwa asithubutu kuzifungua.

Hatusemi kwamba kila betri iliyochoka ikataliwe. Mtu wa Chake Chake anayekwenda Wete, kilomita 30 hivi, na kurudi, aweza kuridhika na betri ya asilimia 70, almuradi aijue hali hiyo tangu mwanzo, na bei yake iteremke kulingana na upungufu huo. Gari lile lililomdhalilisha mwalimu wetu katika njia ya Pangani lingeweza kumhudumia vyema muuguzi wa mjini. Tunachokipinga ni kuuza asilimia 60 kwa bei ya 100.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu watumishi wa Serikali. Taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ilhali mafuta twaendelea kuyaagiza kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo gari la umeme tunalikaribisha. Lakini wananchi wakipunjwa mara ya kwanza, hawatalitaka mara ya pili, na yadi zetu zitajaa makopo yasiyotembea, maana betri mpya yaweza kuipita bei ya gari lenyewe.

Tunashauri kwamba kila gari la umeme lililotumika, liwe limeshushwa Tanga, Dar es Salaam au Malindi kule Unguja, lipimwe uwezo wa betri, na asilimia yake iandikwe katika cheti cha ukaguzi pamoja na tarehe ya kupimwa. Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar zikubaliane juu ya kipimo kimoja. Vyuo vya VETA navyo viwafunze mafundi wetu kazi hiyo, ili mwananchi asiwe na hakimu mmoja tu, ambaye ni muuzaji.

Tangu mwaka 2010, umeme wa Pemba hupita chini ya bahari ukitokea hapa Tanga. Ikiwa tumeweza kuutandika waya katika kina cha mkondo ule, hatuwezi kushindwa kuongeza mstari mmoja katika fomu ya ukaguzi. Na hadi mstari huo utakapoandikwa, kila mnunuzi aanze na mita iliyo ukutani kwake, ahesabu yuniti, kisha ndipo ahesabu fedha.