Povu la Matcha Pasipo Yai

Tangu mwaka 2020, kahawa ya kupigwa ya Korea Kusini ilipovuma duniani, wapo waliotaka matcha, ile chai ya kijani ya Kijapani isagwayo ikawa unga laini, nayo itoe povu zito la kuelea juu ya maziwa. Kahawa ya unga huumuka kwa sukari na maji tu; matcha haikubali. Ndipo wengi wakakimbilia ute wa yai bichi.

Mimi siafiki. Yai bichi huweza kubeba bakteria wa salmonela, na kinywaji hiki hupewa hata watoto na waja wazito.

Mnamo 2014, mwanamuziki Mfaransa Joël Roessel alionyesha kuwa maji yaliyochemshiwa jamii ya kunde hupigika yakatoa povu jeupe mithili ya ute. Basi chemsha dengu, zile zisagwazo unga wa bajia, maji yapungue hata yawe mazito kidogo, kisha yapoe. Vijiko vitatu vya maji hayo na viwili vya sukari vipigwe kwa mashine, bila haraka, mpaka povu lisimame; ndipo uchekeche matcha, kijiko kidogo, ukiikoroga polepole. Maziwa yawe baridi.