Nyumba nafuu Kwale: Kikwazo kikuu ni ardhi

MPANGO wa serikali ya Kenya wa kujenga nyumba za bei nafuu umewafikia wananchi wengi kwanza kupitia mishahara yao. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipotiwa saini mwezi Machi 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mwajiri wake hutakiwa kuongeza kiasi kama hicho.

Lengo lililotangazwa ni kujenga nyumba 200,000 kila mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 2017, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilikuwa imeahidi nyumba 500,000 kufikia mwaka 2022 chini ya Ajenda Nne Kuu, ahadi ambayo haikutimizwa.

Katika Kaunti ya Kwale, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019 ina watu 866,820, mjadala huu una sura yake ya pekee. Kujenga nyumba si jambo geni kwa wenyeji wa Msambweni, Gazi, Shimoni au Vanga. Tangu zama za mababu, familia zimekuwa zikisimamisha nyumba kwa miti na fito, zikazikandika kwa udongo na kuziezeka kwa makuti. Mapato yakiongezeka, kuta hujengwa upya kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa huku huku pwani, na makuti hupisha mabati. Nyumba hukua chumba baada ya chumba, kwa kadiri ya uwezo wa mwenyewe, bila deni la benki.

Kinachokosekana mara nyingi ni uhakika kwamba ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo haitadaiwa na mtu mwingine.

Chanzo cha hali hiyo ni cha zaidi ya karne moja. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ilianza kuusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Mwaka 1908 ikapitishwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi, iliyowataka wenye madai wayawasilishe kwa maafisa wa serikali ili yasajiliwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya taji la Uingereza.

Utaratibu huo uliwafaa waliokuwa na nyaraka na waliozifahamu ofisi. Jamii za Mijikenda, wakiwemo Wadigo wa Kwale, zilimiliki ardhi kwa ukoo na kwa desturi, na haki hizo hazikuandikwa popote. Matokeo yake ni kwamba watu waliozaliwa mahali walipozikwa babu zao walijikuta wakiitwa maskwota.

Hali hiyo ilizaa desturi ambayo ni nadra kuonekana sehemu nyingine za Kenya, ile ya kumiliki nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya mahali alipojenga. Kuta ni zake, paa ni lake, na anaweza kupangisha vyumba au hata kuiuza nyumba yenyewe, lakini hana haki ya kudumu juu ya kiwanja. Mtindo huu umeenea katika mitaa ya zamani ya Mombasa na kufika miji mingine ya pwani. Umewawezesha maskini wengi kupata makao kwa gharama ndogo. Hata hivyo, mwenye ardhi akiamua kuuza, mwenye nyumba huwa hana lake.

Utalii uliongeza uzito wa tatizo. Ardhi ya ufuo wa Diani ilipoanza kupata thamani kubwa, viwanja vilivyostahili kubaki mali ya umma viligawiwa watu wenye uwezo na ushawishi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokabidhiwa serikali mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kote nchini. Iligusia pia mipango ya makazi iliyokusudiwa watu wasio na ardhi lakini ikawanufaisha maafisa, wanasiasa na jamaa zao.

Shinikizo hilo halijapungua. Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja makubwa ya Mwache na Mteza, sasa inawawezesha wasafiri kuingia Kwale bila kupitia kivuko cha Likoni. Ni faida kubwa kwa biashara na utalii, lakini barabara nzuri huja na wanunuzi wa ardhi, na mwenye nyumba bila hatimiliki ndiye wa kwanza kuguswa.

Serikali zilizotangulia hazikukaa kimya. Njia iliyotumika zaidi pwani ni mipango ya makazi, ambayo kwayo serikali hutenga au kununua ardhi, kuigawa vipande na kuwapa maskwota kwa mkopo wa muda mrefu. Aliyegawiwa hupewa barua ya ugavi, na hupata hatimiliki baada ya kumaliza kulipa. Kwale ina mipango kadhaa ya aina hiyo, ukiwemo ule wa Diani.

Mfano wa karibuni unaofahamika sana ni shamba la Waitiki lililoko Likoni, katika kaunti jirani ya Mombasa. Serikali ilinunua ekari 930 kutoka kwa mmiliki wake, na mwezi Januari 2016 Rais Kenyatta akaanza kuwakabidhi wakazi hatimiliki. Kila mmoja alitakiwa kulipa Sh182,000, sharti lililopingwa vikali na wakazi walioona kuwa wanauziwa mahali walipokuwa wakiishi.

Njia ya pili ni ile ya viwanja na huduma. Serikali hupima viwanja, huweka maji, barabara na mifereji ya majitaka, kisha humwachia mwananchi ajenge mwenyewe pole pole. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, mpango huo ulianzia Dandora jijini Nairobi katika miaka ya 1970, kisha ukafika Mombasa katika mitaa ya Mikindani na Miritini. Ni njia inayoafikiana na desturi ya ujenzi ya watu wa pwani.

Njia zote mbili zina kasoro moja inayofanana. Mtu maskini anapopata kipande kinachouzika kwa bei kubwa, dhiki humsukuma akiuze. Ada ya shule, gharama ya hospitali au mahari hugeuza hatimiliki kuwa fedha za miezi michache. Baada ya muda, wenye uwezo ndio wanaoishi mahali palipokusudiwa wasiojiweza, na aliyeuza huhamia kwenye ardhi nyingine isiyo yake. Serikali hulazimika kuanza upya.

Jaribio la kuziba pengo hilo liliwahi kufanyika Voi, katika Taita-Taveta, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni waliokuwa wakiishi bila hatimiliki walielezwa njia mbalimbali za umiliki chini ya mpango wa maendeleo ya miji midogo, ulioendeshwa na serikali kwa ushirikiano na shirika la Ujerumani la GTZ. Walichagua ardhi iwe chini ya amana ya jamii. Kila familia ingemiliki nyumba yake na kuweza kuiuza au kuirithisha, lakini ardhi ingebaki mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya wote.

Wazo hilo si geni kwa Waislamu wa pwani, ambao wanafahamu vyema maana ya wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Manufaa yake ndiyo yanayogawanywa.

Nchini Marekani, mji wa Burlington katika jimbo la Vermont ulianzisha amana ya ardhi ya jamii mwaka 1984 kwa fedha za serikali ya mji. Mnunuzi hupata nyumba kwa bei ya chini kwa sababu hanunui ardhi. Anapohama, huchukua robo tu ya ongezeko la thamani, ili anayefuata naye aimudu. Kwa njia hiyo, fedha za umma zilizotumika mara moja huendelea kuzisaidia familia nyingi kwa zamu.

Ni kweli kwamba amana si dawa ya kila ugonjwa. Huko Voi, sheria za Kenya za wakati huo hazikuwa na nafasi ya umiliki wa aina hiyo, na waanzilishi walilazimika kuunganisha sheria za vyama na za wadhamini ili kupata njia. Mfano huo haukuenea. Benki nazo husita kumkopesha mtu asiye na hatimiliki ya kuweka rehani, na wadhamini wasio waaminifu wanaweza kugeuka kuwa mabwanyenye wapya.

Hata hivyo, mazingira ya kisheria yamebadilika. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kusajiliwa na kumiliki ardhi kwa jina lake. Aidha, sheria ya nyumba ya mwaka 2024 inamzuia mnunuzi kuuza nyumba aliyoipata kupitia mpango huo bila idhini ya bodi husika. Serikali, kwa maneno mengine, imekwisha kukubali kwamba makao yaliyogharamiwa na umma yanahitaji kulindwa dhidi ya soko.

Linalosalia ni kuupeleka msimamo huo kwenye ardhi. Mpango wa sasa unamtaka mnunuzi alipe kila mwezi kwa miaka mingi. Mvuvi wa Gazi hana hati ya mshahara. Mhudumu wa hoteli ya Diani anayo, lakini msimu wa mvua wa Aprili hadi Juni, watalii wanapopungua, wengi kama yeye hupewa likizo bila malipo. Watu hawa hawawezi kuahidi malipo yasiyokatika, ingawa wanaweza kuongeza chumba kila wanapojaliwa.

Kwao, ekari chache zilizopimwa, zenye maji na njia, na zisizoweza kunyakuliwa wala kuuzwa kwa haraka, zingekuwa na manufaa makubwa kuliko ghorofa ya kupendeza wasiyoweza kuilipia. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la Kwale ni la ardhi, na mpango wowote wa nyumba utakaolipita bila kulitazama utawajengea watu wengine.