Bili ya hospitali: nani anapanga bei anayolipa mgonjwa wa Busale?

Mkulima wa kakao wa Busale, wilayani Kyela, anajua bei ya kakao yake. Siku ya mnada husomwa hadharani, kila mtu anasikia. Akipata mgonjwa nyumbani, mambo ni tofauti: bei ya kipimo au upasuaji mara nyingi anaisikia akiwa ameshafika dirisha la malipo.

Sasa nani anasimamia bei hizo? Jibu fupi: si mtu mmoja.

Wizara ya Afya hutunga sera na miongozo. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, kupitia TAMISEMI. Hospitali binafsi na za mashirika ya dini zina sheria yake ya mwaka 1977, ile iliyozuia hospitali za kibiashara hadi ilipolegezwa mwaka 1991. Madaktari wana baraza lao, wafamasia lao. Dawa na vifaa tiba viko kwa TMDA, kampuni za bima kwa TIRA.

Wengi kati ya hao huuliza: daktari ana leseni? Jengo linafaa? Dawa ni salama? Ukiuliza "mbona bei hii?", hapo ndipo kamba inapolegea.

Kwa kweli mwenye nguvu kubwa juu ya bei ni anayelipa bili nyingi, yaani NHIF. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Una orodha iitwayo kitita cha mafao, inayotaja dawa, vipimo na upasuaji, na kwa kila kimoja mfuko utalipa shilingi ngapi. Hospitali ikitaka zaidi ya hapo, mfuko haulipi.

Nguvu hiyo ilionekana Machi 1, 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika badala ya kile cha 2016. Hospitali binafsi kadhaa, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zilisema bei mpya hazilipi gharama zao, zikasitisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF. Serikali iligoma kurudi nyuma, mazungumzo yakafanyika, na baada ya siku chache huduma zikarejea. Waliobanwa katikati ni wagonjwa waliokuwa wamekatwa michango yao kila mwezi bila kukosa.

Lakini kitita hicho hakimlindi anayelipa hela mfukoni, na wakulima wengi wako kundi hilo. Kuna kwingine wamelifunga pengo hilo. Jimbo la Maryland nchini Marekani lina tume iliyoundwa mwaka 1971 inayopanga bei za hospitali, na mwenye bima au asiye nayo hutozwa kwa bei hizohizo. Tanzania haijafika huko.

Kwa kaya ya Busale, njia ya karibu ilikuwa CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu hadi sita. Ilianzia zahanati na kupanda kwa rufaa. Aliyeruka ngazi bila barua ya rufaa alilipa mwenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inataka kila mkazi awe na bima.

Kuna pia msamaha, ambao wengi hawauombi kwa kutoujua. Kwa sera ya serikali, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hawatakiwi kulipa kwenye vituo vya umma. Asiye na uwezo kabisa aanzie kwa mtendaji wa kijiji kupata barua, kisha aione ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Afanye hivyo mapema, kabla bili haijawa mlima. Na kuhusu kuzuia maiti kwa sababu ya deni, wizara imeshakataza zaidi ya mara moja.

Ukihisi umetozwa isivyo, anza na mganga mfawidhi wa kituo au kamati ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Wakikaa kimya, nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Kyela mjini. Beba risiti. Uliyempa hela mkononi bila risiti, hakuna kitabu kitakachoonyesha kuwa ulimlipa.