Bima ya Safari kwa Mwenye Ngiri

Kampuni za bima ya safari huihesabu ngiri katika magonjwa ya awali, yaani hali iliyokwisha kujulikana au kuonyesha dalili kabla ya siku ya kukata bima. Haijalishi kama inauma au haiumi, kama imeandikwa kwenye cheti cha hospitali au mwenyewe ameiona tu akioga. Uvimbe wa kinena unaotokeza mtu akikohoa na kurudi akilala ni dalili tosha. Msafiri mwenye uvimbe huo akijaza "hakuna" kwenye fomu, amenunua karatasi ambayo huenda isimlipe chochote siku atakapoihitaji.

Wanaohusika ni wengi. Kati ya wanaume 100, takriban 27 hupata ngiri ya kinena wakati fulani wa maisha yao; kwa wanawake ni kama 3. Kwa wanaume hatari huongezeka kadiri umri unavyosogea, na umri huo ndio wa kwenda umra, kutembelea watoto walioko Uingereza au Canada, au kufuata mzigo Dubai na Guangzhou.

Fomu ya bima inaweza kuwa na maswali mengi, lakini yote yanazunguka jambo moja: uwezekano wa ngiri hiyo kunyongeka kabla msafiri hajarudi nyumbani. Ngiri isiyo na tabu huingia na kutoka. Hatari huanza kipande cha utumbo kinapopenya kwenye tundu jembamba la ukuta wa tumbo na kushindwa kurudi. Hapo mishipa inayorudisha damu ndiyo hubanwa kwanza, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba na shinikizo lake ni dogo. Ateri zenye nguvu zaidi huendelea kusukuma damu ndani. Damu inaingia, haitoki. Utumbo unavimba, na kadiri unavyovimba ndivyo shingo ya ngiri inavyoubana, na kubanwa huko kunauvimbisha zaidi. Hali hiyo ikishaanza hujiendesha yenyewe, mpaka shinikizo la uvimbe linaishinda hata ateri na damu mpya inakatika kabisa. Ndani ya saa chache utando wa ndani wa utumbo unaanza kufa, ukuta wake unalegea, bakteria wanavujia tumboni. Dalili zake hazina siri: uvimbe uliokuwa ukirudi haurudi tena, maumivu yanazidi, mtu anatapika, choo na hata upepo havitoki. Huo ni upasuaji wa dharura, na katika nchi za Ulaya au Marekani gharama yake pamoja na siku za kulazwa inaweza kumaliza akiba ya ukoo mzima.

Uwezekano huo haulingani kwa ngiri zote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la JAMA uliwahusisha wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Baadhi walipasuliwa, wengine wakaachwa chini ya uangalizi. Miongoni mwa walioachwa, kukwama kwa ghafla kulikuwa nadra: chini ya watu 2 katika kila 1,000 kwa mwaka. Kwa safari ya wiki mbili hatari hiyo inakuwa ndogo mno, ingawa waliofuatiliwa kwa miaka 10 wengi wao waliishia kuomba upasuaji kwa sababu ya maumivu. Ngiri ya paja ni habari nyingine kabisa. Tundu lake ni jembamba na gumu, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991 ulikadiria kwamba 22 kati ya kila 100 hunyongeka ndani ya miezi 3 tangu zigunduliwe. Hii ni ngiri inayowapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kundi lile lile linaloambiwa mtaani kwamba ngiri ni ugonjwa wa wanaume. Kwa hiyo neno "ngiri" peke yake kwenye fomu halitoshi. Kinachotakiwa ni aina yake. Ya kinena, ya paja, ya kitovu, ya kovu la upasuaji wa zamani, na ile ya kiwambo inayoleta kiungulia, kila moja ina hatari yake na bei yake.

Ndege yenyewe inaogopwa kuliko inavyostahili, na sababu ni ya kifizikia. Ndege ikiwa angani mita 11,000, hewa ya chumba cha abiria hushushwa hadi shinikizo la mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kanuni aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662, gesi iliyofungiwa hutanuka shinikizo linapopungua. Gesi iliyomo tumboni mwa abiria aliyepanda kutoka usawa wa bahari inaongezeka kwa kiasi cha theluthi moja chumba kikifika kikomo hicho cha mita 2,400. Katika Boeing 787 na Airbus A350, ambazo miili yake inahimili shinikizo kubwa zaidi, ongezeko ni kama robo. Anayeondokea Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hupata ongezeko lote hilo. Mkazi wa Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu, kila siku anavuta hewa yenye shinikizo linalokaribiana sana na la ndani ya 787, hivyo tumbo lake halitaona tofauti ya maana. Anayebadili ndege Addis Ababa, zaidi ya mita 2,300, anaweza hata kuingia kwenye shinikizo kubwa kuliko la uwanjani alikotoka.

Gesi yote ya utumbo wa mtu mzima kwa kawaida ni kama mililita 200 tu, na ikitanuka ina njia ya kutokea. Ndiyo maana ngiri inayorudi ndani kwa urahisi haina sababu ya kumzuia mtu kupanda ndege. Mambo hubadilika utumbo ukiwa umeziba: gesi iliyonaswa kwenye kipande kilichokwama haina pa kwenda, inatanuka ndani ya shingo inayokibana, na mzunguko ulioelezwa juu unapata msukumo mwingine. Mwenye dalili za kukwama hapaswi kupanda ndege kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo aliyetoka kupasuliwa huambiwa asubiri. Katika upasuaji wa matundu madogo tumbo hujazwa kabonidioksidi, nayo inahitaji muda wa kufyonzwa. Mwongozo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza hutaka muda mfupi wa kusubiri baada ya upasuaji wa aina hiyo, na siku zaidi kwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Bima haimlipi aliyesafiri kinyume cha ushauri wa daktari wake.

Wavu unaoshonewa kuziba tundu la ngiri nao una hadithi zake. Haulii kwenye mashine za ukaguzi uwanjani, kwa kuwa kwa kawaida hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Wala hauozi tumboni. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 katika New England Journal of Medicine uliwapima wanaume 302, baadhi wakiwekewa wavu wa kitabibu wa bei ghali, wengine kitambaa cha polietilini cha aina ya chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka mmoja matokeo ya makundi mawili hayakupishana kwa maana yoyote. Tiba ya ngiri ipo, ni ya kushonwa, na haihitaji utajiri.

Dawa ya kunywa ya ngiri haipo. Tundu la ukuta wa tumbo la mtu mzima halizibwi na mizizi, unga wa magome, kikombe cha chumvi wala mkanda unaofungwa kiunoni. Lakini mabango ya "tunatibu ngiri, busha, chango na nguvu za kiume" yamejaa vituo vya mabasi, kana kwamba hayo yote ni ugonjwa mmoja. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Ngiri ni utumbo au mafuta yaliyotoka mahali pake. Kukaa kwenye sakafu baridi hakuleti lolote kati ya hayo. Wauzaji hawa hujipatia sifa kwa watoto wachanga, ambao ngiri ya kitovu kwa wengi hujifunga yenyewe kabla ya umri wa miaka 5, iwe sarafu ilifungwa juu yake au haikufungwa. Kisha sifa hiyo wanaiuza kwa watu wazima, ambao kwao kujifunga huko hakutokei.

Madhara ya dawa hizo yanafika hadi kwenye bima, na ni madhara yasiyosameheka. Mtu aliyenywa chupa tatu akaambiwa amepona hujaza fomu kwa moyo mweupe kwamba hana ngiri. Utumbo ukikwama akiwa Istanbul au Muscat, daktari wa huko humuuliza uvimbe ulianza lini, naye hujibu kweli kwamba ni miaka kadhaa. Jibu hilo linaandikwa kwenye faili, faili linaombwa na kampuni ya bima, na dai linakataliwa. Muuza mizizi hayupo kwenye mazungumzo hayo wala hatalipa hata senti.

Kuhusu kutoa taarifa, sheria hazifanani. Nchini Kenya na Tanzania mikataba ya bima imejengwa juu ya kanuni ya nia njema kabisa: mkata bima anatakiwa kueleza kila jambo la msingi analolijua. Uingereza ilibadili mzigo huo kwa wateja wa kawaida kupitia sheria ya mwaka 2012. Sasa kampuni ndiyo inayopaswa kuuliza, na mteja ajibu kwa uangalifu wa kutosha. Aliyekosea kwa uzembe anaweza kulipwa sehemu, kwa uwiano wa ada aliyotoa na ile aliyopaswa kutoa. Aliyedanganya makusudi anaweza kukosa yote, hata kama alichodai ni mguu uliovunjika. Canada na Marekani hutazama zaidi utulivu wa ugonjwa. Mikataba mingi ya Canada hutaka hali iwe haijabadilika kwa siku 90 au 180 kabla ya safari, bila dalili mpya, dawa mpya wala rufaa kwa daktari bingwa. Anayesubiri upasuaji ana shida karibu kila mahali, na mara nyingi ngiri yake huondolewa kabisa kwenye mkataba.

Cheti cha viza nacho huwapotosha wengi. Viza ya Schengen inadai bima isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Ofisi ya viza inaangalia kiasi, tarehe na nchi. Kifungu kinachotoa magonjwa ya awali si kazi yake kumsomea msafiri. Viza hugongwa, na mwenye ngiri anasafiri na cheti halali kisichoigusa ngiri yake. Zanzibar nayo tangu Oktoba 1, 2024 inawataka wageni wa nje ya nchi kununua bima ya Dola 44 za Marekani, na ndugu walioko ughaibuni wanaokuja na pasipoti za kigeni wasome masharti yake kwa jicho hilohilo. Anayekwenda India kupasuliwa ngiri ajue kwamba bima ya kawaida ya safari hailipi matibabu yaliyopangwa, na kwa kawaida hailipi pia matatizo yanayotokana nayo.

Mwenye kusafiri apate kwanza barua ya daktari inayotaja aina ya ngiri, tarehe ilipogunduliwa na kama inarudi ndani. Ataje ngiri kwa maandishi, aombe jibu la maandishi, na akikataliwa ajaribu kampuni nyingine au alipe nyongeza ya ada. Aliyekwisha kushonwa ataje pia upasuaji huo na tarehe yake. Asibebe masanduku mazito peke yake. Uvimbe ukigoma kurudi asiusukume kwa nguvu wala asile chochote, aende hospitali mara moja, na yeye au aliye naye apige namba ya dharura iliyo kwenye cheti kabla ya kukubali upasuaji ikiwa hali inaruhusu, kwa kuwa mikataba mingi hutaka kampuni ijulishwe mapema ndipo ilipe hospitali moja kwa moja. Risiti zote na ripoti ya daktari wa huko zihifadhiwe, na dai lipelekwe ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba.