Chiluba: Wafanyakazi walimpeleka Ikulu, soko wakarithi wachuuzi

Mfanyabiashara anayevuka Tunduma na kuingia Nakonde, akabadilisha dola kuwa kwacha mchana kweupe na kununua mzigo kwa bei ya kupatana, anaweza kudhani mambo yamekuwa hivyo siku zote. Sivyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha za kigeni Zambia zilikuwa mikononi mwa serikali, na bei ya bidhaa muhimu ilipangwa na wakubwa. Aliyefungua mlango huo ni Frederick Chiluba, mtu aliyetokea chama cha wafanyakazi.

Alizaliwa 1943, akafukuzwa sekondari ya Kawambwa kwa sababu ya siasa. Katika kuhangaikia riziki alivuka mpaka na kufanya kazi kwenye shamba la mkonge Tanganyika. Aliporudi Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba, aliajiriwa katika idara ya hesabu ya kampuni ya Atlas Copco mjini Ndola. Hapo ndipo alipojiunga na chama cha wafanyakazi wa ujenzi na uhandisi, akapanda ngazi, na mwaka 1974 akawa mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ZCTU.

Wakati ule Zambia ilikuwa nchi ya chama kimoja, kwa hiyo ZCTU ilikuwa karibu sauti pekee yenye nguvu nje ya UNIP. Rais Kenneth Kaunda alilijua hilo. Mwaka 1981, baada ya migomo migodini, Chiluba na viongozi wenzake waliwekwa kizuizini, hadi mahakama ilipoona hakukuwa na msingi wa kisheria wa kumshikilia. Alitoka akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Kilichomwangusha Kaunda, hata hivyo, kilikuwa unga. Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipandishwa zaidi ya mara mbili, na ghasia zikalipuka Lusaka. Mwezi uliofuata wasomi, wafanyabiashara na watu wa vyama vya wafanyakazi walikutana jijini humo wakaanzisha vuguvugu la MMD. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba alipata karibu asilimia 76 ya kura, na Kaunda, baada ya miaka 27, akakabidhi madaraka kwa amani. Afrika ya wakati ule haikuwa imezoea jambo hilo.

Kisha likaja la kushangaza. Mtu aliyejijengea jina akipinga kupanda kwa bei ya chakula ndiye aliyeondoa ruzuku ya unga. Mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yaliruhusiwa, na 1994 sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ikafutwa. Shirika la ndege la taifa likafilisiwa mwaka huohuo. Mashirika ya umma zaidi ya 200 yaliuzwa, migodi mikubwa ya shaba ikiwa ya mwisho, mwaka 2000. Wanachama wa vyama alivyoviongoza walipoteza kazi kwa maelfu. Watetezi wake husema hazina ilikuwa tupu na wakopeshaji walikuwa mlangoni. Ni kweli, lakini mchimba madini aliyempigia kura hakuambiwa kwamba yeye ndiye angelipa deni.

Wengi walioachishwa waliingia sokoni. Mitumba, ambayo Zambia huitwa salaula, neno la Kibemba la kufukua rundo na kuchagua, ilimwagika kila mtaa huku viwanda vya nguo vikidhoofika. Chiluba aliwakumbatia wachuuzi. Ikulu ilikuwa na dawati la kushughulikia mambo yao, na barabara za katikati ya Lusaka zikajaa meza. Tatizo ni kwamba ruhusa ile ilitegemea hisani ya mkubwa, haikuandikwa katika sheria. Mwaka 1999 vibanda vilivunjwa na wachuuzi wakaondolewa barabarani, rais akiwa ni yeye yule.

Mwaka huohuo wa 1999 alisimamia mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Lusaka wa kusitisha vita Kongo, na bila shaka hilo ni miongoni mwa mambo yake mema. Mwisho wake haukuwa mzuri. Jaribio la kutafuta muhula wa tatu lilizimwa na wananchi mwaka 2001. Mwaka 2007 mahakama ya London ilimkuta na hatia ya madai katika wizi wa dola milioni 46 za umma, ingawa mahakama ya Lusaka ilimwachia huru 2009 katika kesi ya jinai. Alifariki Juni 2011.

Mpakani alama yake bado ipo. Tarehe 31 Oktoba 2000, miaka tisa kamili tangu ushindi wake, COMESA ilizindua eneo huru la biashara jijini Lusaka kwa nchi tisa, Zambia na Kenya zikiwemo. Tanzania ilikuwa imejitoa COMESA mwaka huohuo. Ndiyo maana bidhaa ya Kenya inayokwenda Lusaka huweza kudai nafuu ya ushuru kwa cheti cha uasili cha COMESA, na ya Tanzania kwa cheti cha SADC, hata kama malori yote mawili yamepanga foleni moja pale Tunduma.