Unazikumbuka katuni za Tinga Tinga Tales? Chimbuko lake lipo Oysterbay

Mtaa wa Yotsuya, Tokyo, kuna ngazi za kawaida tu karibu na hekalu la Suga. Tangu filamu ya katuni ya Your Name ilipotoka mwaka 2016, mashabiki hufunga safari kwenda kupiga picha hapo, kwa sababu ngazi hizo zinaonekana kwenye filamu. Wajapani huziita safari hizi hija.

Dar es Salaam nayo ina sehemu ya namna hiyo, na nauli yake ni ya daladala.

Tinga Tinga Tales, katuni za watoto zilizoanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010, zilitengenezwa Nairobi. Vipo vipindi 52, vyenye hadithi kama kwa nini tembo ana mkonga. Ila wanyama wale wenye madoadoa na rangi kali wametokana na michoro ya Tingatinga, iliyozaliwa Kinondoni.

Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alikuja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya gharama: alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanunuzi wengi wakiwa wageni.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na vijana aliowafundisha wakaendeleza kazi, na mwaka 1990 wachoraji wakaanzisha chama cha ushirika.

Karakana yao ipo jirani na Morogoro Stores, Barabara ya Haile Selassie. Ukifika utawakuta wachoraji wakiwa kazini, brashi mkononi.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga selfi na kazi ya mtu. Pili, michoro hii huigwa kirahisi, hivyo ukitaka kununua, muulize aliyeichora na uangalie jina lake kwenye kona ya picha. Hapo hela yako inamfikia mwenyewe.

Ngazi za Tokyo zitabaki hata mashabiki wasipoenda. Tingatinga ni tofauti: itabaki pale tu ambapo mchoraji anaondoka jioni akiwa ameuza.